Bluzi ya mashambani: jinsi muziki mpya ulivyokuja kudhaniwa wa kale

Katika mji wa Port Washington, jimboni Wisconsin, kaskazini kabisa mwa Marekani, kulikuwa na kiwanda cha viti. Wenye kiwanda hicho waliingia kwanza katika kazi ya kuunda makabati ya mbao ya gramafoni, kisha wakatambua kwamba anayenunua gramafoni atahitaji pia sahani za santuri za kupiga, na ndipo mwishoni mwa miaka ya 1910 wakaanzisha lebo ya Paramount. Santuri zao zilikuwa za malighafi hafifu, zenye kukwaruza hata zikiwa mpya. Hata hivyo, ni kwa kupitia mlango huo wa maseremala ndipo waimbaji weusi wa bluzi Blind Lemon Jefferson, Charley Patton, Son House na Skip James walipotufikia.

Naanzia kiwandani kwa makusudi. Bluzi ya mashambani, yaani ile inayoimbwa na mtu mmoja au wawili kwa gitaa kavu lisilotumia umeme, lile ambalo wazee wetu waliliita galatoni, imezoeleka kuelezwa kama sauti ya kale iliyohifadhiwa vijijini, kana kwamba ilivuka bahari ndani ya meli za watumwa na kukaa ikingoja kusikilizwa. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanaficha mengi kuliko yanayoyafunua. Bluzi ni muziki wa kizazi cha Wamarekani weusi kilichozaliwa baada ya utumwa, uliopigwa kwa gitaa la kiwandani, ukasafiri kwa reli, na ukapata umbo tunalolijua kwa sababu ya santuri. Ukale wake umo katika namna ya kutoa sauti na kugonga mapigo, haumo katika nyimbo wala katika ala.

Mahali panapotajwa zaidi ni Delta ya Mississippi. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa halihusu mdomo wa mto unapoingia baharini, bali nyanda tambarare iliyoko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Mississippi, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, yenye udongo mweusi ulioletwa na mafuriko ya karne nyingi. Anayedhani kwamba nyanda yote hiyo ilikuwa ya mashamba ya watumwa tangu zamani atakuwa amekosea, kwani vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1865 sehemu yake kubwa ilikuwa bado msitu na kinamasi. Ilifyekwa katika miongo iliyofuata, matuta ya kuzuia mto yakajengwa, reli zikapitishwa, na wafanyakazi weusi wakahamia huko kwa matumaini ya kipato bora. Shamba la Dockery, ambako Patton aliishi na ambako wapigaji wengi walijifunza kwake, lilianzishwa mwaka 1895. Kwa hiyo nchi yenyewe ilikuwa mpya, na wakazi wake wengi walikuwa wageni wao kwa wao. Katika mazingira kama hayo sioni ajabu kwamba muziki uliochipuka haukuwa wa ukoo wala wa kijiji, bali wa mtu mmoja mwenye gitaa lake begani.

Kilichowashika watu hao mahali hapo ni kilimo cha kugawana mavuno. Mwenye ardhi alitoa shamba, mbegu, nyumbu na mkopo wa chakula kutoka duka lake. Mkulima alitoa nguvu za familia nzima. Na mwisho wa mwaka pamba iligawanywa, deni likakatwa katika fungu la mkulima, huku daftari la hesabu likiwa mikononi mwa mwenye ardhi peke yake. Mara nyingi familia ilimaliza msimu ikiwa bado inadaiwa. Ukiongeza sheria za ubaguzi, kunyimwa kura na hofu ya kuuawa na makundi ya wazungu, utaelewa kwa nini kuhama ndilo wazo linalojirudia katika nyimbo hizi kuliko jingine lolote: garimoshi, barabara, asubuhi ya kuondoka. Mpiga gitaa aliyekubalika aliweza kupata usiku mmoja wa Jumamosi, katika nyumba ya mbao yenye samaki wa kukaanga na pombe ya magendo, fedha ambazo jembe lisingempa kwa siku kadhaa. Wengi miongoni mwa waliopata umaarufu walikuwa vipofu, na sababu yake ni hiyo hiyo: asiyeweza kuchuma pamba alikuwa na njia chache mno za kujipatia riziki.

Sauti ya bluzi ilitangulia gitaa. Mkulima akiwa peke yake nyuma ya nyumbu alitoa wito mrefu, usio na mapigo ya kuhesabika, unaoanza juu, unayumba kati ya noti mbili tatu na kuteremka polepole hadi kwenye mngurumo. Mwanaakiolojia Charles Peabody, aliyechimba vilima vya kale katika wilaya ya Coahoma mwaka 1901 na 1902, alivutiwa na nyimbo za vibarua wake kiasi cha kuandika makala juu yake mwaka 1903, na hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu za mapema kabisa tulizonazo. Wito wa aina hiyo ulidumu muda mrefu zaidi katika Parchman, gereza la jimbo la Mississippi, ambako wafungwa weusi walilima na kukata miti kwa nyimbo za kuongozwa na kuitikiwa, na ambako Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alizirekodi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Hapo ndipo Afrika inapoingia, nasi hatuna budi kuwa waangalifu. Wengi wa waliopelekwa Amerika ya Kaskazini walitoka Senegambia, pwani za Afrika Magharibi, na nchi za Kongo na Angola. Pwani yetu ilichangia wachache sana. Mtaalamu wa muziki Gerhard Kubik aliona kwamba uimbaji wa bluzi, wenye kuvuta silabi moja juu ya noti nyingi na wenye sauti iliyobanwa kooni, unafanana zaidi na ule wa ukanda wa savana wa Afrika Magharibi, ambao kwa karne nyingi ulipokea athari za Kiislamu kupitia njia za jangwani, kuliko na muziki wa ngoma nyingi wa mwambao wa Guinea. Msikilizaji wa Pwani aliyekulia karibu na adhana na kasida huenda akahisi kitu anachokijua katika kuyumba huko kwa sauti. Undugu huo, kama upo, ni wa mbali na umepita njia ndefu.

Kwa nini nyuzi na si ngoma? Sehemu ya jibu ni sheria. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa mwaka 1739, koloni la South Carolina lilipitisha mwaka 1740 sheria iliyokataza watumwa kutumia ngoma na baragumu, kwa kuwa wenye mashamba walijua kwamba ngoma inaweza kuita watu. Makatazo hayo hayakuwa sawa kila mahali; New Orleans ngoma ziliendelea kusikika, na katika vilima vya kaskazini mwa Mississippi filimbi na ngoma vimepigwa hadi nyakati zetu. Lakini vinanda vya nyuzi vya watu wa Senegambia, ndugu wa banjo, vilivumiliwa, na mapigo yaliyokosa ngoma yakahamia kwenye makofi, visigino na kidole gumba cha mpiga nyuzi.

Gitaa lenyewe lilichelewa. Mwishoni mwa karne ya 19 maduka ya kuuza kwa posta, hasa Sears, Roebuck, yalianza kupeleka magitaa ya bei nafuu hadi kwenye vituo vidogo vya reli, na nyuzi za chuma zikachukua nafasi ya zile za utumbo. Chuma kina sauti kali inayopenya kelele za wachezaji, na kinakubali kukwaruzwa na kioo. Mtoto asiye na gitaa alijifunzia ukutani: alichomoa waya uliofunga ufagio, akaupigilia misumari miwili kwenye mbao za nyumba, akausukumia chupa chini yake ili ukaze, kisha akaupiga huku akitelezesha chupa nyingine juu yake. Kubik alikilinganisha kifaa hicho na vinanda vya uzi mmoja vya Afrika ya Kati, ambavyo navyo mara nyingi huchezewa na watoto.

Kutelezesha huko ndiko kulikomshangaza W. C. Handy, kiongozi wa bendi aliyesoma muziki wa kuandikwa, alipokuwa akingoja garimoshi katika kituo cha Tutwiler karibu mwaka 1903. Alisimulia baadaye kwamba mtu aliyevaa nguo zilizochakaa alikaa kando yake akipiga gitaa kwa kubana kisu juu ya nyuzi, na kuimba juu ya mahali ambapo reli mbili zinapishana, yaani mji wa Moorhead. Handy alifananisha mtindo huo na ule wa wapigaji wa Hawaii, na ulinganisho wake haukuwa wa bure, kwani Wahawaii walizunguka Marekani katika miaka hiyo na baada ya maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 gitaa lao likawa homa ya nchi nzima. Je, shingo la chupa kidoleni lilitoka kwenye waya wa ukutani au lilitoka Hawaii? Kwa maoni yangu swali hilo limewekwa vibaya: mkono uliokwisha kuzoea waya ulimsikia Mhawaii na ukaelewa mara moja anachokifanya.

Anayetelezesha chupa hutuni gitaa lake kwa namna ya pekee, ili nyuzi zote zikipigwa wazi, bila kubanwa, zitoe kodi moja kamili, yaani noti kadhaa zinazopatana zikilia pamoja. Tuni mbili ndizo zilizoenea zaidi, moja ikiitwa ya Kihispania na nyingine ikiitwa kwa jina lililotokana na mji wa Sebastopol, na majina yote mawili yanatoka katika vipande vya gitaa vya karne ya 19 vilivyoandikwa kwa ajili ya sebule za watu wenye nafasi. Ndivyo muziki huu ulivyo: tuni ya sebuleni, kioo cha chupa ya pombe, koo la mkulima. Faida ya tuni ya wazi ni kwamba uzi wa chini unaweza kuendelea kuvuma bila kukoma huku chupa ikipanda na kushuka juu yake, na mvumo huo unaifanya kodi ibadilike mara chache au isibadilike kabisa.

Mpangilio unaofundishwa shuleni ni wa vipimo 12, kila kimoja cha mapigo manne, vikigawanyika katika mishororo mitatu. Kodi hutajwa kwa namba ya noti ya ngazi ambayo imejengwa juu yake. Mshororo wa kwanza huanza katika kodi ya msingi, yaani ya noti ya kwanza. Wa pili, ambao hurudia maneno ya kwanza, huhamia kodi ya nne kisha hurudi. Wa tatu hufunga kwa kina huku ukipitia kodi ya tano kuelekea nyumbani. Nikitunga mfano wa haraka kwa lugha yetu, ubeti ungekuwa hivi:

Nimeamka asubuhi, maji yamefika mlangoni,
Naam, nimeamka asubuhi, maji yamefika mlangoni,
Pa kuliweka godoro sina, pa kukimbilia sioni.

Maneno huchukua karibu nusu ya kila mshororo, na nusu iliyobaki ni ya gitaa. Gitaa halisindikizi tu, linajibu. Mara nyingine mwimbaji huacha neno la mwisho bila kulitamka na uzi ukalimalizia, na msikilizaji anayejua wimbo hulisikia neno hilo pale pale. Ni uhusiano ule ule wa kiongozi na waitikiaji, isipokuwa waitikiaji wote wamo katika vidole vitano.

Lakini kanuni ya vipimo 12 ni ya wapiga bendi, wanaohitaji kukubaliana kabla ya kuanza. Anayepiga peke yake hana wa kukubaliana naye. Sikiliza santuri za Patton au za Jefferson na uhesabu kwa kidole mezani: utakuta kipimo chenye mapigo mawili ya ziada, mshororo uliokatwa kabla ya kutimia, pumzi iliyongojewa. Wapo wanaoita jambo hilo makosa ya watu wasiosoma, nami naona wamegeuza mambo juu chini, kwa kuwa hapo kipimo kinafuata usemi, si usemi kufuata kipimo. Ndivyo ilivyo pia kwa noti. Noti ya tatu, ya tano na ya saba katika ngazi hushushwa, lakini hazishushwi hadi mahali maalumu. Huvutwa, hukaa kati ya vitufe viwili vya piano, na kupanda kidogo kabla ya kuachwa. Piano haiwezi kuitoa noti hiyo. Uzi unaosukumwa kando kwa kidole unaweza, na shingo la chupa linaweza zaidi.

Haya niliyoyaeleza ni ya Delta kuliko ya kwingineko. Katika Texas, Jefferson aliacha gitaa lizurure kwa noti moja moja baina ya mishororo, mapigo yakitanuka na kusinyaa. Mashariki, kuanzia Virginia hadi Georgia, walipiga kwa wepesi wa ragtaimu, muziki wa piano wa mapigo ya kurukaruka: kidole gumba kikipokezana nyuzi mbili za besi bila kuteleza, vidole vingine vikicheza mahadhi juu yake, mpaka mgeni akadhani wapigaji ni wawili. Blind Blake alikuwa bingwa wa mtindo huo, Blind Willie McTell aliupiga kwa gitaa la nyuzi 12, na Blind Boy Fuller aliupiga mitaani Durham, mji wa viwanda vya tumbaku, jambo linalotukumbusha kwamba neno mashambani lina mipaka yake. Skip James, kutoka Bentonia, kusini mwa Delta, alituni gitaa katika kodi ya huzuni (ile iitwayo minor) na kuimba kwa sauti nyembamba ya juu. Hafanani na mtu mwingine.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake cha karibu. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada akiimba Kiswahili cha Katanga, na besi yake inatembea chini ya mahadhi kwa namna ambayo sikio lililozoea wapigaji wa Georgia litaitambua. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Migodi ya Katanga na mashamba ya Mississippi vilikuwa na kitu kimoja cha pamoja: vijana waliohama, wenye ujira mdogo, waliopata gitaa la bei nafuu na kutaka litoe sauti ya watu watatu.

Turudi kwenye santuri, maana hapo ndipo fundo lenyewe lilipo. Mwaka 1920 mwimbaji mweusi Mamie Smith alirekodi New York wimbo uliouzwa kwa wingi miongoni mwa Wamarekani weusi, na kampuni zikagundua soko ambalo zilikuwa zimelidharau. Kwa miaka kadhaa bluzi ya santuri ilikuwa ya wanawake walioimba na bendi kwenye majukwaa ya mijini. Wanaume wenye magitaa walifuata baadaye, hasa baada ya santuri za Jefferson za mwaka 1926 kununuliwa sana. Kwa hiyo ile inayodhaniwa kuwa bluzi ya kwanza ilirekodiwa ya pili. Wakati huo huo kampuni kama hizo zilikuwa zikitafuta sauti za wenyeji duniani kote. Mwaka 1928, mpiga gitaa John Hurt aliposafirishwa kutoka Mississippi kwenda kurekodi Memphis na New York, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda kurekodi Bombay.

Santuri ilibeba kama dakika 3 kwa kila upande. Wimbo ambao Jumamosi usiku ulipigwa kadiri wachezaji walivyotaka ulilazimika kuwa na mwanzo na mwisho. Zaidi ya hayo, kampuni zilitaka kutoka kwa mweusi bluzi tu. H. C. Speir, mwenye duka la muziki mjini Jackson aliyewapeleka Patton, James na wengine kwa kampuni hizo, alichagua kile kitakachouzika. Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo 29 kule San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, alikuwa kwa ushahidi wa mwenzake wa safari Johnny Shines mtu wa kupiga chochote alichokisikia redioni, hata polka, ngoma ya dansi ya Ulaya. Hakuna polka hata moja kwenye santuri zake.

Johnson huyo alifariki mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 27, na hadithi ya kwamba aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda usiku wa manane imemfunika. Kwetu, ambako njia panda ni mahali pa kutupia vilivyoaguliwa, hadithi hiyo haihitaji ufafanuzi. Inayohitaji kusemwa ni kwamba kisa hicho kilisimuliwa waziwazi juu ya mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, na msimulizi alikuwa kaka yake Tommy. Na kwamba Robert alikuwa na mwalimu wa kawaida kabisa, Ike Zimmerman, aliyemfundisha gitaa kwa muda mrefu kusini mwa Mississippi.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliiangusha biashara ya santuri. Paramount iliacha kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baadhi ya santuri zake zinajulikana leo kwa nakala moja au mbili tu. Watu walihamia Chicago. Muddy Waters, ambaye Lomax alimrekodi kwa gitaa kavu katika shamba la Stovall mwaka 1941, aliondoka mwaka 1943 na kutia umeme katika yale yale aliyoyajua. Waliobaki wakipenda santuri za zamani walikuwa wakusanyaji, wengi wao vijana wa kizungu wa mijini, na ndio walioeneza jina la bluzi ya mashambani katika miaka ya 1950. Walipenda ile adimu, ya upweke na yenye huzuni zaidi, na kwa kupenda kwao wakatufundisha sote kuisikia bluzi hivyo. Santuri zilizouzwa sana zamani, kama za Memphis Minnie, mwanamke aliyekuwa mpiga gitaa hodari, hawakuzijali sana kwa kuwa hazikuwa adimu.

Mmoja wa wakusanyaji hao, Tom Hoskins, alizingatia kwamba katika santuri ya mwaka 1928 John Hurt anautaja mji wa Avalon kuwa ndio nyumbani kwake. Akaupata katika ramani ya kale, akaenda Mississippi mwaka 1963, na kumkuta mzee huyo akiishi hapo hapo, akiendelea na kazi za shamba kama miaka yote. Mwaka huo huo Hurt alipiga kwenye tamasha la muziki wa kienyeji la Newport mbele ya maelfu ya watu. Walitarajia kilio cha Delta. Aliwapigia kwa utulivu, kwa sauti ya mtu anayezungumza barazani, besi ikipokezana chini ya kidole gumba: tenzi za kanisani, visa vya majambazi, nyimbo za kuchezea, na baina yake bluzi kadhaa.